Kumi na Tisa Langoni

Kiti cha ishirini kilikuwa wazi na hakuna aliyethubutu kukisogelea. Ukungu wa Safed, mji wa milimani kaskazini mwa Israeli, ulikuwa umeingia hadi chumba cha kulia cha hosteli, ukipenya chini ya mlango na kwenye madirisha yasiyofunga vizuri. Vijana kumi na tisa walikaa mbele ya mayai, matango na jibini bila kugusa kitu. Inspekta Zohara Vaknin alikuwa amesimama tangu alfajiri na miguu ilimuuma. Alikivuta kile kiti ili akae. Wasichana watatu waliinua nyuso kwa pamoja wakamtazama, naye akakirudisha taratibu mahali pake.

Mwenye kiti aliitwa Noemi Grinspan, miaka ishirini na miwili, wa Rosario huko Argentina. Alikuja na vijana wenzake Wayahudi wa nchi sita katika safari ya wiki tatu ya kurudi kwenye mizizi: sala, nyimbo, masinagogi ya kale na makaburi ya wacha Mungu. Makaburi yalikuwa mengi kuliko wengi wao walivyotazamia. Jana Alhamisi mchana walishuka katika makaburi ya kale chini ya mji. Saa kumi jioni walitoka, wakapanda basi, basi likawashusha penye ngazi za mtaa, na kutoka hapo ni mwendo wa dakika tano kwa vichochoro hadi hosteli. Chakula cha jioni kilipoandaliwa, Noemi hakuwepo.

Usiku kucha polisi na watu wa kujitolea walipekua vichochoro, nyumba tupu na kituo cha mabasi. Mbwa walinusishwa shuka la msichana, wakapelekwa penye ngazi, wakakaa kitako wakimtazama bwana wao. Ikasemwa kwamba mvua imefuta harufu. Simu yake ilikuwa imezimika. Baridi ilishuka hadi digrii mbili, na daktari wa kituo alisema waziwazi kwamba mtu aliyelowa akiwa nje usiku mmoja anaweza kuponea chupuchupu, lakini usiku wa pili asihesabiwe.

Sajini Nabih aliingia akiwa amebeba vikombe viwili vya kahawa. Alikuwa Mdruzi, mtu wa dini nyingine ya milima hiyo, wa kijiji cha jirani, mtu mnene mwenye masharubu aliyoyatunza kama bustani.

"Kunywa, afande. Ukianguka hapa mimi sikubebi."

"Yule muuza mishumaa?"

"Tumemwachia. Ni kweli alizungumza na msichana juzi, na ni kweli ana macho ya kuchungulia. Lakini jana tangu saa nane alikuwa mjini Karmiel kwenye arusi ya kaka yake. Watu mia tatu walimwona akicheza, na nimeonyeshwa video. Bora nisingeonyeshwa."

"Kwa hiyo hatuna mtu."

"Tuna ukungu," Nabih alisema. "Na hawa watoto wameanza maneno. Wanasema jana langoni aliyehesabiwa hakuwa Noemi. Wanasema kuna mwingine alisimama mahali pake."

Zohara hakucheka. Alikulia katika mji huu, na nyanya yake alikuwa na orodha ndefu ya wafu ambao hawakukubali kukaa walipowekwa. Alikunywa kahawa yake yote, kisha akamwita Elkana Rotfeld, kiongozi wa msafara.

Elkana alikuwa wa miaka ishirini na tisa, ndevu nyembamba, macho mekundu. Walikaa katika chumba kidogo cha vitabu nyuma ya jiko.

"Nieleze tena ulivyohesabu."

"Nimeshaeleza mara tatu, mama."

"Ya nne haitakuua."

Akaeleza. Wayahudi hawahesabiwi kwa namba, maana namba huvuta kijicho. Alisimama langoni kwa ndani, wakampita mmoja mmoja, na kila aliyepita alimtajia neno moja la ile aya ya Zaburi yenye maneno kumi. Aya ikiisha, wamepita kumi, anaanza upya.

"Mara ya kwanza niliifikisha mwisho. Mara ya pili niliishia neno la tisa. Hesabu ilikuwa kamili. Naapa."

"Kumi na tisa. Vijana wako si ni ishirini?"

"Gael hakuingia. Gael ni kuhani wa ukoo wa Haruni, hakanyagi walipolala wafu. Alibaki nje barabarani. Kumi na tisa na Gael, ishirini. Tukapanda basi."

"Ndani ya basi hukuhesabu?"

"Kwa nini? Walitoka kumi na tisa, na kuhani yuko nje. Hawezi kupotea mtu katikati ya lango na basi, ni hatua thelathini."

"Nyuso uliziona?"

Elkana alishusha macho. "Ukungu ulikuwa mzito, mama, na mvua ilikuwa imeanza. Wote walivaa yale makoti meupe ya mvua tuliyowapa, kofia zimeshuka mpaka puani. Na mimi wasichana siwakodolei macho. Niliona vichwa."

Zohara aliandika neno *vichwa* katika daftari lake na kulipigia mstari. Kwa hesabu ya mtu huyu, Noemi alikuwa ametoka makaburini. Kwa hesabu hiyo hiyo watu sitini walipekua mji usiku kucha, na hakuna aliyeshuka kule chini.

"Huyo Gael ni kijana wa namna gani?"

"Mpole. Wa Marseille. Tatizo lake ni kuchelewa. Kila asubuhi anakuja sala ikiwa imekwisha, na kuhani ni yeye peke yake, basi tunabaki bila baraka ya makuhani. Nimemsema hadi nimechoka."

"Niletee fomu zao zote. Na yule aliyelala chumba kimoja na Noemi."

Huyo aliitwa Fania, wa Toronto, msichana mrefu aliyevaa soksi mbili mbili. Alikuwa amelia mpaka uso umevimba.

"Mara ya mwisho ulimwona wapi, mwanangu?"

"Penye kaburi la buluu, lile ambalo watu huacha vikaratasi. Nyanya yake alimchorea ramani. Kuna bibi wa zamani wa ukoo wao amezikwa humo, anaitwa Perla. Elkana alimwambia hapana, njia ya huko chini imeoza, na muda hakuna. Noemi akanyamaza." Fania alipangusa pua. "Noemi akinyamaza ndiyo ujue hajakubali."

"Langoni ulimwona?"

"Nilidhani nimemwona. Wote tulifanana. Nilitoka, nikaenda kunawa kama wote."

"Nani alikutangulia bombani?"

"Mdenmaki mmoja. Akaliweka kopo kifudifudi juu ya jiwe, si unajua hatupokezani mkononi. Nikanawa, nikaliweka mimi. Akalichukua Gael."

"Gael akanawa?"

"Ndiyo. Mikono ilimtetemeka, maji yakanimwagikia viatu. Mpaka sasa havijakauka."

"Pole," Zohara alisema. "Viweke karibu na hita, usiviweke juu, vitapasuka." Akamtoa kwa upole mpaka mlangoni. Alipofunga mlango alibaki ameshika kitasa.

Nabih, aliyekuwa amekaa kwenye kona, alikunja uso. "Nini?"

"Kwa nini tunanawa tukitoka makaburini?"

"Nyie au sisi?"

"Sisi Wayahudi, Nabih."

"Ili mliyotoka nayo humo yasiwafuate nyumbani. Mke wangu alisema..." Sajini alikishusha kikombe. Kisha akasema polepole, "Na mtu ambaye hakuingia anaosha nini?"

Mazoea yana taabu. Mtu anaweza kupanga uongo kwa siku kumi, mikono yake ikamsahau kwa dakika moja. Zohara alizifungua fomu. Kila kijana alikuwa ametakiwa kuleta picha ya kaburi la mtu wa ukoo wake, na ya Gael ilibanwa kwa pini juu ya jina lake. Ilikuwa jiwe la kijivu katika makaburi ya Marseille, na juu ya maandishi palichongwa birika linalomimina maji. Aliitazama mpaka kahawa ya Nabih ikapoa.

"Mwite," alisema.

Gael alikuwa wa miaka ishirini na mitatu, mwembamba, na alikaa kwenye ncha ya kiti. Zohara aliisukuma picha mbele yake.

"Huyu nani?"

"Babu yangu."

"Aliyemzaa baba au mama?"

"Baba."

"Kaburi zuri. Hii hapa juu ni nini?"

"Birika."

"Mume wangu ni Mlawi," Zohara alisema. "Kila sikukuu anashika birika kama hili na kuwanawisha makuhani kabla hawajawabariki watu. Siku yake ikifika, Mungu aisogeze mbali, nami nitamchongea birika. Kuhani hachongewi birika. Kuhani huchongewa viganja viwili vilivyofunguka. Na ukuhani hutoka kwa baba, sasa wewe wako umeuokota wapi?"

Gael aliangalia dirisha. Nje hakukuonekana hata ukuta wa jirani.

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Yako imeishia bombani. Uliingia makaburini jana. Noemi yuko wapi?"

"Sijui."

"Saa tatu hii. Saa kumi na nusu jua linazama na baridi inarudi. Unataka nimpigie mama yake Rosario nimwambie nini?"

Hapo kijana akavunjika. Hakulia kwa sauti, maneno ndiyo yaliyomtoka mfululizo kama maji yaliyozibuliwa.

"Naogopa makaburi. Tangu tulipomzika mama, miaka minane sasa, sijaingia tena. Nilijiandikisha nikidhani tutaimba na kuona masinagogi. Siku ya pili makaburi, siku ya tatu makaburi. Nikasema mimi kuhani. Kuhani haulizwi mara mbili. Noemi aliiona hiyo picha, yeye anajua hayo mambo, akanicheka. Jana akaniambia kama sitaki aseme kwa Elkana, niingie nipite langoni mahali pake. Alitaka muda kidogo tu atafute kaburi la bibi yake. Angerudi kwa miguu kabla ya chakula, na kiongozi asingejua."

"Ukaingiaje bila kuonekana?"

"Upande wa chini ukuta umebomoka. Dereva alikuwa amesinzia. Nikapita katikati ya makaburi, sioni mbele, na..." Alishika kingo za meza. "Nikaitwa."

Nabih aliacha kuandika.

"Nani alikuita?"

"Ilitoka chini. Ardhini, karibu na miguu yangu. Ilisema, Gavriel mwana wa Fortuna. Mara mbili. Taratibu, kama mtu anamwamsha mtu."

"Wewe si Gael?"

"Gavriel ni jina nililopewa siku ya tohara. Hapa halijui mtu, kwenye fomu sikuliandika. Na Fortuna ni mama. Sinagogi huniita kwa jina la baba. Jina la mama hutajwa ukiwa mgonjwa, watu wanapokuombea usife."

Zohara aliigeuza ile picha. Nyuma palikuwa peupe, hapakuandikwa kitu.

"Noemi aliyajuaje majina hayo?"

"Sijui."

"Ukafanya nini ulipoitwa?"

"Nilikimbia. Nikaingia kwenye mstari. Nikahesabiwa. Nikanawa."

"Usiku kucha umekaa hapo ukijua?"

"Nilidhani ni wafu!" Kwa mara ya kwanza alipaza sauti, kisha ikamfia. "Nikasema Noemi amekasirika, amejificha. Baadaye Elkana akaapa kwamba hesabu ni kamili, kila mtu akasema Noemi alitoka langoni. Wamesema sana mpaka na mimi nikaanza kuamini."

Zohara alikuwa na watoto wawili wa rika hilo, na kama huyu angekuwa wake angemzaba kofi lililosikika hadi Tiberia. Msichana ameanguka chini ya ardhi, ameita, na aliyemsikia amekwenda kunawa mikono. Alisimama na kuchukua koti.

"Utaionyesha hiyo sehemu."

"Siwezi kuingia mle."

"Sasa huna ukuhani wa kukuzuia," alisema. "Simama."

Walishuka watu wanane, na kamba, machela na taa. Lango la makaburi lilijitokeza mbele yao ghafla, kisha likameza waliotangulia. Makaburi ya Safed yameshuka mteremko ngazi kwa ngazi, mengine yamepakwa buluu, mengine yameliwa na mvua mpaka hayana jina, na chini yake kuna mengine ya zamani zaidi ambayo tetemeko liliyafunika. Katika ukungu ule kila jiwe lilionekana mtu aliyeinama. Gael alisimama mbele ya lango. Nabih alimshika kiwiko, akavuka naye.

Kijana alitembea amefumba macho nusu. Alipita kaburi la buluu, akashuka ngazi zilizovunjika, akageukia kushoto penye mvinje uliopasuka shina. Hakubahatisha hata mara moja. Woga ulikuwa umemchorea njia vizuri kuliko ramani ya nyanya wa Noemi.

"Hapa," alisema. "Mguu wangu wa kulia ulikuwa juu ya jiwe hili."

"Noemi!" Nabih aliita.

Hapakuwa na jibu. Maji yalidondoka kwenye mvinje. Waliita tena, wakatega masikio. Hakuna aliyeita jina la mtu yeyote kutoka ardhini.

Kisha ikasikika, mbali na chini: jiwe likigonga jiwe. Mara tatu, kimya, mara tatu.

Gael hakukimbia. Alipiga magoti akaanza kufukua miiba kwa mikono mitupu, akalia safari hii kwa sauti, mpaka wakamvuta pembeni. Chini ya miiba bamba la kaburi la kale lilikuwa limepasuka katikati, udongo ukiwa mpya kingoni. Nabih alimulika. Kule chini, katika pango la wafu wa zamani, koti jeupe lilisogea.

Iliwachukua karibu saa nzima kumtoa. Mguu ulikuwa umevunjika, mbavu pia, midomo ilikuwa ya buluu, lakini alikuwa hai. Saa yake ya mkononi ilikuwa imepasuka na kusimama saa kumi kasoro dakika ishirini. Daktari alimfunika blanketi tatu na kusema angepona.

Zohara alitembea kando ya machela. Palikuwa na swali moja la kumalizia, na alitaka jibu lake liwe jepesi.

"Ulimwita Gael, mwanangu. Alikusikia."

Noemi alitikisa kichwa kidogo. Sauti yake ilikuwa mkwaruzo. "Nilianguka kabla hajafika. Nilizimia. Nilipozinduka ilikuwa giza tayari, na pumzi ya kuita sina. Mpaka sasa sina. Niligonga jiwe tu."

"Hukusema Gavriel mwana wa Fortuna?"

Msichana alimtazama kama mtu anayejitahidi kuwa na adabu. "Gavriel ni nani?"

Machela ilitangulia. Zohara alisimama peke yake penye ngazi kwa kitambo, halafu akapanda haraka kuliko magoti yake yalivyopenda.

Bombani palikuwa na foleni. Nabih alinawa ijapokuwa dini haikumtaka, na wala hakutoa mzaha. Zohara alinawa, akaliweka kopo kifudifudi juu ya jiwe. Gael alikuwa nyuma yake, kucha zimejaa udongo na damu ya miiba.

"Ni yeye aliyeniita, sivyo?" aliuliza. "Amekwambia?"

Kwa miaka ishirini na sita Zohara alikuwa amewadanganya washukiwa wengi na usingizi haukumpungua. Alifungua mdomo aseme ndiyo. Macho ya kijana yalikuwa yakimsihi aseme ndiyo.

"Hapana," alisema. "Yeye alikuwa amezimia."

Gael aligeuka akautazama ukungu uliofunika mteremko, kule penye mvinje. Zohara alisubiri akimbie.

"Mama alikuwa akiniamsha hivyo kila siku ya shule," kijana alisema. "Mara mbili. Nilikuwa sisikii mara ya kwanza."

Hakulichukua kopo. Alilipita bomba bila kunawa, akaenda kwenye gari mikono ikiwa na udongo wa makaburi, na Zohara hakumwita arudi.